Mapengo Sitini na Moja

Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa. Dada yake mkubwa, fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi, alikuwa amemwongezea cheo kingine: Daktari wa Mapengo. "Wenzako wanasomea moyo, wanasomea figo," alizoea kusema huku akitafuta tundu la sindano kwa uzi uliolowa mate, "wewe mwaka wa nne huu unasomea mapengo." Binti yake wa miaka saba, aliyeng'oka meno mawili ya mbele, alikuwa akija mbio na kumwachamia. "Mama mdogo, nisome na mimi!"

Kitinda alicheka nao. Hawakuwa wamekosea sana. Shahada yake ya uzamivu, katika fasihi ya Kiingereza na uandishi wa kubuni, ilikuwa na nusu mbili: riwaya aliyoitunga mwenyewe, na utafiti kuhusu riwaya ya mtu mwingine. Huyo mtu mwingine alikuwa mwanamke aliyekwisha kufariki, karani wa masjala, ambaye maisha yake yote aliandika kitabu kimoja tu. Alikiandika kwa Kiingereza, na hakikufanana na kitabu kingine chochote. Kilisimulia habari za dada wawili wenye kibanda cha kufulia nguo, walionuniana miaka kumi na moja wakikaa mtaa mmoja. Na katikati ya sentensi zake, mahali ambapo hutegemei kabisa, palikuwa na nafasi nyeupe. Neno, kisha weupe, kisha neno linalofuata, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nafasi hizo zilikuwa sitini na moja. Kitinda alikuwa amezihesabu na kuzipima kwa rula. Fupi kuliko zote ilikuwa ya sentimita mbili. Ndefu kuliko zote ilikuwa ukurasa wa mia na kumi na mbili, sentimita nane na nusu, pale dada mkubwa anaposimama mbele ya mlango wa mdogo wake na kunyanyua mkono. Wataalamu walikuwa wameandika mengi juu ya nafasi hizi, na aliyeandika kuliko wote ni mzee mmoja ambaye wanafunzi walimwita Profesa wa Kimya. Yeye ndiye aliyesema kwamba zile ni kimya kilichopangwa, maumivu yasiyo na maneno. Kitinda alikuwa amemnukuu mara arobaini na nne, na ndiye aliyeteuliwa kuwa mtahini wake wa nje. Riwaya yake mwenyewe nayo alikuwa ameitia nafasi arobaini za namna hiyo, na kila moja alikuwa ameiwaza kwa siku nyingi kabla ya kuiweka.

Zilibaki wiki tisa akabidhi tasnifu, ndipo maktaba ya chuo ilipopokea sanduku.

Lilitoka kwa mpwa wa marehemu, aliyekuwa akihama nyumba. Ndani yake mlikuwa na madaftari saba ya shule, yale yenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na bunda la kurasa zilizopigwa taipu. Mtunza nyaraka, mwanamke aliyenong'ona hata alipokuwa akikukemea, alimwekea Kitinda daftari la kwanza juu ya mto wa sponji. "Penseli tu. Ukurasa mmoja mmoja. Na hiyo chupa ya maji iende nje."

Kitinda alifunua. Miaka minne alikuwa amekisoma kitabu kile kwa herufi za kiwandani, nyeusi na zilizonyooka. Sasa mbele yake palikuwa na mwandiko wa mtu. Pale wino ulipokolea, kalamu ilikuwa imesimama. Pale herufi zilipolala, mkono ulikuwa ukikimbilia kitu. Kuna sentensi Kitinda aliyoijua kwa moyo, na hapa aliiona ikizaliwa, imekatwa mara sita, ya saba ikasimama. Alikaa zaidi ya saa nzima bila kuandika chochote, mikono mapajani.

Kisha akakumbuka kazi iliyomleta. Akatafuta mlango, dada, mkono ulionyanyuliwa.

Sentensi ilikwenda moja kwa moja, nusu chini ya ukurasa, nusu juu ya karatasi iliyofuata. *Akanyanyua mkono akagonga.* Hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha unywele.

Akadhani amekosea ukurasa. Akatafuta nafasi ya pili, ya tatu. Hadi saa tisa alasiri alikuwa amezikagua zote sitini na moja. Katika madaftari hapakuwa na pengo hata moja. Akalivuta bunda la taipu, na humo mapengo yalikuwepo yote, kila moja mahali pake. Kando ya pengo la kwanza mwandishi alikuwa ameandika neno moja kwa penseli: *Ibaki.* Na chini ya ukurasa wa mwisho, kama ilivyo kwenye barua za ofisini, palikuwa na alama ya mkwaju na herufi mbili ndogo. Herufi za jina la aliyepiga taipu.

*

Msimamizi wake wa utafiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani na kuifuta kwa pindo la blauzi, jambo alilolifanya kila alipotaka kupata muda.

"Nani mwingine ameyaona hayo madaftari?"

"Bado hakuna, Daktari. Mimi ndiye wa kwanza."

"Basi nikueleze kama mwanangu. Njia ni mbili. Ya kwanza, sanduku hili limekuja kwa kuchelewa. Unaandika tanbihi ndogo kwamba kuna nyaraka mpya zinazohitaji utafiti zaidi, unakabidhi, unapata shahada yako. Hakuna atakayekulaumu."

"Na ya pili?"

"Ya pili unabomoa sura ya tatu, na ukiibomoa, ya nne inaanguka yenyewe. Wiki tisa. Halafu unakwenda kukaa ana kwa ana na mzee aliyeijenga nadharia hiyo tangu hujazaliwa, unamwambia amekosea. Wewe, ambaye hata kwenye semina huwa nakuomba mara tatu upaze sauti."

Kitinda aliangalia viatu vyake. "Naomba kwanza nimtafute mpiga taipu."

"Atakuwa hai kweli?"

"Sijui. Lakini yeye ndiye anayejua."

Daktari akairudisha miwani usoni. "Nenda," akasema. "Na ukimpata, usimfundishe jibu. Muulize tu, unyamaze. Kunyamaza hujambo."

*

Chama cha wastaafu wa ofisi alikofanya kazi marehemu kilikuwa na katibu mwenye kumbukumbu kama daftari la mahudhurio. Alipoziona zile herufi mbili hakuuliza mara ya pili. Siku mbili baadaye Kitinda alikuwa amekaa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, mbele ya mwanamke mwembamba wa miaka sabini na saba, ambaye wajukuu walimwita Bibi Taipu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sogea karibu, sauti yako ndogo. Wamekunyima chakula huko chuoni?"

Kitinda alitoa nakala ya ukurasa wa mia na kumi na mbili. Bibi aliushika mbali na uso, akausogeza, akausogeza tena. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, mpaka mkwewe akachungulia kutoka jikoni kuona kuna nini.

"Ee Mungu wangu. Hizi hawakuzifuta?"

"Hawakuzifuta, Bibi. Ziko kwenye kitabu hadi leo. Watu wanaziandikia vitabu."

"Wanaziandikia nini?"

"Kwamba ni... kimya."

"Kimya!" Bibi akapiga goti lake. "Mwanangu, hapo palikuwa na kelele kuliko mahali pote. Ngoja nikueleze. Ofisi yetu ilikuwa na chumba cha wapiga taipu. Mashine kumi na mbili, mimi nilikuwa ya tatu kutoka dirishani. Mkuu wa chumba alikaa kule mbele ametupa mgongo. Hakuwa na haja ya kutuangalia, alikuwa akisikiliza. Tulimwita Bwana Sikio. Mashine moja ikinyamaza tu, bila kugeuka, anakwambia, 'Namba saba, umelala?' Ukikohoa anajua ni nani. Kwa hiyo mashine haikutakiwa kunyamaza."

"Sasa huyu mwenzangu wa masjala, mwandishi wenu," Bibi akaendelea, "aliniomba nimpigie kitabu chake. Nikakubali. Nakiingiza katikati ya barua. Mimi maisha yangu yote nilikuwa napiga 'Rejea barua yako ya tarehe tatu.' Kiingereza nilichokijua ni cha kurejea barua. Ukurasa wa kwanza nikapiga kama barua. Wa pili hivyo hivyo. Wa tano..." Macho yake yakahama chumbani. "Wa tano nikaona wale dada ninawajua. Sikujua kwamba Kiingereza kinaweza kuwa na watu ndani yake. Nilidhani kina mabwana wakubwa tu na tarehe."

Kitinda aliogopa hata kuvuta pumzi kwa nguvu.

"Nikafika hapa. Dada mtu mlangoni, mkono juu. Mwanangu, nitapigaje neno linalofuata nami roho iko juu, sijui kama atagonga au atarudi? Na nikisimama nisome, Bwana Sikio huyu hapa. Basi mkono wa kushoto ukafunua daftari, nikatangulia mbele kwa macho, ukurasa, ukurasa mwingine. Na huu wa kulia," akainua kidole gumba, "unapiga kile kitufe kirefu cha chini, cha kuachia nafasi. Tak, tak, tak, tak. Sauti inakwenda, mzee ametulia, mashine inafanya kazi. Mimi simo chumbani kabisa. Kengele ya mwisho wa mstari ndiyo hunirudisha, au nikishaona kwamba amegonga."

"Zote sitini na moja, Bibi?"

"Ni nyingi hivyo? Mimi sikuhesabu. Nilikuwa na haya mpaka basi. Nilimpelekea kurasa. Akauliza, hapa pamekuwaje? Nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Nikajua atafoka, karatasi zenyewe za kuomba. Akakaa kwenye ngazi za masjala, kurasa mapajani. Akasema, 'Kumbe hapa ulikuwa umekwenda.' Nikasema ndiyo, nilikwenda. 'Ulikwenda wapi?' Nikamwambia, kule mlangoni, kwa yule dada. Basi akainamisha kichwa hivi. Alikuwa hajawahi kusomwa na mtu, unaelewa? Mtu hata mmoja. Akachukua penseli."

Chai ilikuwa imepoa. Kitinda aliutazama ule mkono wa mzee, wenye mishipa iliyojitokeza, uliolala juu ya karatasi, na kufikiri kwamba hawa ndio watu wawili waliokitengeneza kitabu kile, mmoja kwa kuandika na mwingine kwa kushindwa kujizuia.

*

Alirudi chumba cha nyaraka na swali moja: kama Bibi alikuwa akichungulia mbele, je, madaftari yanajua?

Yalikuwa yanajua. Wiki mbili nzima Kitinda alikuwa ameona madoa ya bluu kwenye pembe za kurasa na kuyachukulia kuwa uchafu. Sasa aliinama karibu. Yalikuwa alama za kidole, rangi ya karatasi ya kaboni, ile inayowekwa katikati ya karatasi mbili ili kupata nakala, na ambayo rangi yake humganda mpiga taipu vidoleni siku nzima. Karatasi nyingi za daftari zilikuwa na alama moja, ya kufunuliwa mara moja. Lakini karatasi iliyofuata pengo ilikuwa na mbili. Moja ya kuchungulia, moja ya kurudi kuipiga. Alilikagua kila pengo. Hamsini na nane yalikuwa na alama mbili. Matatu hayakuwa nazo, na katika hayo matatu, kilichotakiwa kuchunguliwa kilikuwa palepale kwenye ukurasa uliokwisha kufunguliwa.

Kitinda alikaa na kuutazama ukurasa. Msichana wa miaka ishirini na kitu, miaka hamsini na mitano iliyopita, alikuwa amesoma hapa, na kidole chake kilikuwa bado hapa. Machozi yalimlengalenga. Mtunza nyaraka akaja taratibu na kunong'ona, "Usilie juu ya karatasi," kisha akainama naye kuona anachotazama.

Usiku huohuo aliifungua riwaya yake na kuyaondoa mapengo yote arobaini. Hayakuwa na mtu ndani. Alikuwa ameyapima kwa rula. Kisha akaibomoa sura ya tatu, na kama Daktari alivyosema, ya nne ikaanguka yenyewe. Alizijenga upya kwa wiki sita, akila kwa kukumbushwa na dada yake, ambaye siku hizo aliacha utani na kumletea sahani mpaka mezani.

*

Chumba cha utetezi kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji na viti vinne. Mtahini wa ndani, mwalimu kijana wa idara, alikaa upande mmoja na Profesa wa Kimya. Msimamizi alikaa nyuma ukutani, maana kanuni zilimruhusu kuwepo bila kusema neno. Profesa alikuwa mzee mkavu, mnadhifu, na mbele yake palikuwa na tasnifu ya Kitinda iliyojaa vipande vya karatasi za njano, na nakala yake ya ile riwaya, iliyochakaa mpaka jalada limefungwa kwa gundi.

Alianza na mambo madogo. Tarehe, tanbihi iliyokosa namba. Kitinda alijibu kwa sauti iliyokuwa ikimponyoka. Kisha mzee akafungua penye karatasi ya njano iliyokuwa ndefu kuliko nyingine.

"Sura ya tatu unasema nimekosea."

"Ndiyo, Profesa. Samahani."

"Samahani ya nini? Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Basi samahani iweke pembeni. Huyu bibi ana miaka sabini na saba. Anasimulia jambo la ujana wake, na katika jambo hilo yeye ndiye shujaa. Wazee tunapiga chuku, mimi najijua. Kwa nini nimwamini?"

Kitinda alisikia kiti cha Daktari kikilia nyuma yake, kisha kikatulia. Hapa hapakuwa na wa kumsaidia. Akakumbuka kidole cha bluu pembeni mwa karatasi, na kwa mara ya kwanza siku ile akasahau kwamba watu wanamtazama.

"Usimwamini, Profesa," akasema. "Tazama jedwali la pili. Mimi pia sikumwamini, nilikwenda kuangalia."

Akaeleza. Karatasi zenye alama moja, karatasi zenye alama mbili, yale matatu yasiyo nazo na sababu yake. Hakutambua kwamba alikuwa amesimama mpaka alipojikuta ameegemea meza, akimwonyesha mzee picha ya karatasi ya daftari inayofuata pengo la ukurasa wa mia na kumi na mbili, kidole chake kando ya kile cha bluu. Mtahini wa ndani alikuwa ameacha kuandika.

Profesa aliitazama picha muda mrefu. Aligeuza ukurasa, akarudi tena palepale.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," akasema hatimaye, na sauti yake haikuwa ya kutahini tena. "Nilikuwa kwenye foleni ya kinyozi na kitabu hiki. Nilipofika hapa, kinyozi akaniita. Akaniita tena. Watu watatu walinipita. Sikusikia kitu." Akakifunga kitabu polepole. "Kisha nikaenda chuoni, nikajifunza kuandika kuhusu kimya. Sijui kwa nini sikuandika kuhusu kinyozi."

Kitinda alikaa chini.

Walimtoa nje dakika ishirini, wakamrudisha. Shahada atapewa, kwa masharti ya masahihisho ya miezi mitatu. Theluthi ya pili ya riwaya yake inajikokota, mtahini wa ndani alisema bila kumung'unya maneno, na mhusika wa shangazi anazungumza kama kamusi. Kitinda aliandika yote. Profesa alipokuwa akikusanya karatasi zake aliuliza, kama mtu anayeomba jambo kubwa kuliko alivyotaka lionekane, "Huyo bibi, anapokea wageni?"

Kitinda alitoka hadi ukumbini kupiga simu. Bibi Taipu alipokea kwa kelele, redio nyuma yake.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu, Bibi. Na Profesa anaomba kuja kukusalimia."

"Yule wa kimya? Aje. Mwambie nina meno machache, asinichekeshe sana. Sasa wewe. Ulisema kitabu chenu hicho kina nusu mbili. Nusu moja ni mimi, hiyo naijua. Hiyo nyingine uliyoitunga inahusu nini?"

Kitinda aliangalia ukumbi mtupu. Riwaya ile ilikuwa imesomwa na Daktari kwa sababu ndiyo kazi yake, pia na watahini wawili kwa sababu waliteuliwa kwa barua. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Inahusu mama mmoja, Bibi, anafundisha watu wazima kusoma, halafu siku moja anaingia darasani mtu ambaye..."

"We! Nyamaza! Ukinisimulia nitasoma nini? Ilete."

"Theluthi ya pili inajikokota, Bibi. Wamesema."

"Wamesema wao. Ilete nione mwenyewe. Na uje nayo peke yake, hayo mengine ya jedwali mwachie huyo profesa."

Moyo wa Kitinda ulikuwa ukimdunda kuliko ulivyodunda mbele ya watahini. Aliifungua tasnifu pale pale, akiwa ameegemea ukuta wa ukumbi, akatafuta mahali nusu ya kwanza inapoishia, na kuanza kuichomoa riwaya kutoka kwenye jalada, karatasi baada ya karatasi.

"Kesho asubuhi, Bibi," alisema.

"Kwa nini kesho?" sauti ikauliza. "Leo unafanya nini?"